Boga Mlangoni kwa Delfino

"Kipande chako ni pale, chini ya kalavati."

Sepetu zote zikatulia. Watu waliokuja kuzibua mfereji asubuhi ile ya Machi waligeuka kumtazama aliyeambiwa. Kila mmoja alijua kalavati lile lina nini: tope la mwaka mzima, matawi ya mierebi yaliyooza, na mara hii mbwa aliyekufa tangu Krismasi. Siku zote lilikuwa likisafishwa na wanaume wanne kwa kupokezana, tena kwa matusi.

"Peke yangu?" aliuliza Delfino Maestas.

"Kwani ulikuja na nani?" alijibu Eufemia Archuleta, msimamizi wa mfereji, bila kumtazama usoni.

Vijana wakaangua kicheko. Delfino hakucheka wala hakubisha. Alivua koti, akalitundika kwenye waya wa uzio, akashuka kwenye tope na viatu vyake vya mjini.

Onofre, kaka yake Eufemia, akamsogelea dada yake.

"Femia, yule mtu ana mvi. Atafia mle."

"Akifa tutamzika. Shamba la baba yake si lipo? Wanunuzi waandike na kaburi kwenye mkataba wao."

"Una roho wewe!"

"Nina kumbukumbu. Roho ni kitu kingine."

Huku kwetu Agua Zarca, kwenye milima ya kaskazini mwa New Mexico, maji hayana mwenyewe, yana zamu. Mfereji mmoja unateremka kutoka kwenye theluji na kupita shamba kwa shamba. Mababu waliuchimba kwa mikono, na kila Machi mwenye shamba anakuja na sepetu yake kuuzibua, awe tajiri awe fukara. Ukiuza shamba pamoja na zamu yako kwa watu wa nje, maji yanaondoka nao, na walioko chini yako wanabaki kumwagilia vumbi. Kampuni tatu zimejaribu kutufanyia hivyo. Zote tatu zilikutana na Eufemia, mwanamke aliyeacha shule akiwa binti, akajisomea vitabu vya sheria kwenye meza ya jikoni huku maharage yakichemka. Kampuni zina mawakili. Sisi tuna watu wasiosahau.

Sasa kampuni ya nne ilikuwa imempata Delfino. Baba yake alifariki majira ya baridi, na mwana akarudi kutoka kwenye viwanda vya chuma vya Colorado, kuja kuzika na kuuza. Alikuwa asaini Jumatatu saa nne asubuhi. Hii ilikuwa Jumamosi. Angeweza kutuma kibarua kuja kuzibua mfereji. Wengi wanaouza hufanya hivyo. Alikuja mwenyewe.

Lakini msidhani ni maji tu.

Miaka ishirini na sita nyuma, Delfino na Eufemia walipendana mpaka mbwa wa kijiji wakajua. Kwenye dansi ya mavuno Delfino alimwuliza kama atakubali amwoe, akamjibu, "Ndiyo. Ila kamwombe baba, unamjua alivyo." Na Mzee Abrán Archuleta alikuwa mtu wa desturi, desturi au hakuna. Basi wazee wa kina Maestas wakaenda, wakavua kofia, wakaomba. Ikafuata wiki ya kimya, kama inavyotakiwa: wachumba hawaonani, hawapigiani simu, nyumba ya binti inashauriana. Jumamosi adhuhuri Mzee Eliseo, baba wa ubatizo wa Eufemia, akatumwa kwa kina Maestas na jibu. Jibu lilikuwa ndiyo. Kondoo alikuwa ameshachinjwa, wageni wa karamu ya uchumba ya Jumapili wameshaalikwa.

Mzee Eliseo alikuta baba mtu amekaa kwenye ngazi, kashika tama. Kijana alikuwa ameondoka alfajiri na pikapu yake, hakuaga mtu.

Jumapili wageni walikuja, maana hakuna aliyekuwa na uso wa kuwazuia. Eufemia alisimama getini na gauni lake la buluu, akiamini kuna pancha mahali, kuna ajali, kuna chochote. Alisimama mpaka mafuta yakaganda juu ya supu. Toka siku hiyo wana wa haramu wakampachika jina: Femia Supu Baridi. Mpaka leo, akimbana mtu kwenye mkutano wa mfereji kwa kuiba zamu, lazima sauti moja ya nyuma ilitaje.

Sasa niambieni, nyinyi msingempa mtu huyo kalavati?

*

"Mbele!"

Ndivyo anavyoita aliyemaliza kipande chake. Jua lilikuwa utosini, na Bi Marge alikuwa ameshafungua mabakuli nyuma ya gari lake: maharage, pilipili nyekundu yenye nyama, mikate myembamba ya tortila, ya moto, ndani ya taulo. Bi Marge ni mwalimu mstaafu, mwenyeji wa Iowa, aliyewafundisha kusoma watoto wote wa hapa. Siku ya mfereji hakosi.

Delfino aliibuka kutoka chini ya kalavati kama kitu kilichofinyangwa. Vijana wale waliomcheka asubuhi walimpisha njia. Ndani palikuwa peupe, jiwe linaonekana.

Eufemia aliinama, akachungulia.

"Umeacha tope pale."

"Wapi?"

"Pale."

"Lile ni jiwe, Femia."

"Usiniite Femia. Mimi hapa ni msimamizi."

"Lile ni jiwe, Bi Msimamizi."

Watu wakajifanya wanakula. Tortila zilitafunwa polepole sana siku hiyo.

"Unaona walivyo wengi?" Eufemia akaanza, na sauti ilikuwa ile ya mahakamani. "Wote hawa wako chini ya shamba lako. Ukisaini Jumatatu, mtu atajengewa bwawa la kuogelea na hawa watakosa pilipili za kupanda. Lakini wewe inakuhusu nini? Wewe kazi yako ni moja. Kuwasha gari."

"Nauza kwa sababu sina mtu hapa."

"Ulikuwa naye!"

Lilimtoka kabla hajalizuia. Hata Onofre aliweka bakuli chini.

Delfino alijifuta tope usoni kwa mkono wenye tope.

"Femia, tusifukue. Mliniletea jibu, nikalipokea. Mwanamume akijibiwa vile haombi mara ya pili. Sikulalamika, sikumtukana mtu, niliondoka. Sasa miaka yote hii unanichukia kwa kosa gani? Kwa kukubali ulichotaka?"

"Jibu gani tulikuletea wewe?"

"Usinifanye mtoto. Boga nililiona kwa macho yangu."

"Boga gani?"

Kuna msemo kwamba ukipenda boga, penda na ua lake. Huku milimani boga lina kazi nyingine. Nyumba ikikataa posa, haipeleki maneno, kwa sababu maneno yanaweza kujibiwa. Inaweka boga mlangoni kwa mwanamume kabla hajaamka. Akilikuta, amejibiwa. Haulizi kwa nini, haendi kubembeleza, na akiwa na bahati analificha kabla majirani hawajaamka kumcheka.

"Jumamosi ile alfajiri," Delfino alisema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, "nilitoka kwenda kumkamua ng'ombe. Lilikuwa kwenye ngazi. Kubwa, limepanguswa, limefungwa utepe mwekundu. Nikasema, kumbe hata utepe wameweka, wamenikataa kwa sherehe. Nikalipakia kwenye gari kabla mzee hajaliona. Nilipofika daraja la korongoni nikalitupa. Korongo lile ni refu sana. Sikusikia hata lilipoangukia."

"Hatukuleta boga."

"Femia..."

"Nakwambia hatukuleta boga! Tulichinja kondoo!"

Maji kidogo yaliyokuwa yameanza kuja mferejini yalisikika.

Delfino alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye ukingo wa tope.

"Baba amekufa anajua mimi ni mwoga," alisema. "Nilimpigia simu kila Jumapili. Hakuniuliza kamwe, na mimi nikaona aibu kumwambia."

Lakini Eufemia hakumsikia. Mwanamke aliyeshinda kampuni tatu akili yake hutafuta jina la mshtakiwa kabla haijatafuta leso. Na jina lilikuwa karibu. Kabla ya posa, Onofre na Delfino walipigana ngumi kwenye dansi hadi wakavunja dirisha.

Akamfuata kaka yake, akamkamata ukosi wa shati.

"Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Ulimchukia. Uliapa hatamwoa dada yako. Ulipeleka boga!"

"Femia, niachie, unaninyonga! Boga lenye utepe mwekundu?"

"Unalijua!"

"Nani asiyelijua? Hata sisi tulipata! Wewe ulikuwa ndani unapiga pasi gauni. Baba alifungua mlango akalikuta, akacheka mpaka akashikwa na kikohozi. Akasema, 'Nani huyo ananikataa mimi, na mke ninaye?' Mama akalipika na maziwa. Kila nyumba ilipata siku ile! Kwa kina Trujillo, kwa padri, mpaka kwa mjane Benina, bibi wa miaka themanini! Kijiji kizima kilicheka wiki nzima, ila baada ya Jumapili ile nani angekutajia boga wewe?"

"Nani aliyaleta?"

Onofre akajinasua ukosi. Macho yake yakaenda nyuma ya gari, kwenye mabakuli. Ya watu wengine wote yakafuata.

Bi Marge alikuwa amesimama na kijiko kikubwa mkononi, maharage yakimdondokea kwenye kiatu.

"Nilikuwa nimehamia Agosti," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Shamba la nyuma ya nyumba ya mwalimu lilizaa maboga kama lina wazimu. Kwetu Iowa mgeni huwapelekea majirani kitu. Niliwaogopa mbwa wenu, kwa hiyo nilizunguka mapema sana, nikaweka na kukimbia. Utepe ulibaki kwenye vifaa vya shule." Akamtazama Eufemia. "Mlinicheka, nikajua kuna kitu. Niliuliza. Mkaniambia ni desturi tu, mwalimu, usijali."

Watu wakatazama mabakuli yao. Walimwita Bi Boga nyuma ya mgongo wake kwa miaka, wakalifanya kichekesho cha harusi na misiba. Kijiji kizima kilijua maboga yalikuwa mengi. Mtu mmoja tu alidhani ni moja.

Eufemia alimtazama Bi Marge. Akamtazama Delfino. Akaokota sepetu yake, akaupandisha mfereji peke yake, akaanza kuchimba mahali palipokwisha kuchimbwa.

*

Jumapili Eufemia alipotoka kanisani alikuta ujumbe kwenye simu. Wa kwanza ulikuwa wa Onofre:

"Umekula? Samahani nilikuwa nimemvunja jino kwenye dansi. Sijawahi kukwambia kwamba nilimpenda yule jamaa baadaye. Alipoondoka ndipo nikamchukia vizuri."

Wa pili ulitoka kwenye namba asiyoijua:

"Ni Delfino. Kesho saa nne. Nilitaka usikie kwangu, si kwa watu."

Akaandika: "Kwa nini hukuuliza?" Akafuta. Akaandika tena, akatuma kabla mkono haujabadili nia.

Jibu lilikuja haraka: "Kwa nini wewe hukunifuata? Namba ya baba ulikuwa nayo."

Alikaa na simu ile kama mtu aliyeshika kaa la moto. Mahakamani hakuna wakili aliyewahi kumwuliza swali lililomkosesha jibu. Hili lilimkosesha.

"Niliona haya," akaandika.

"Na mimi."

Mlango ukagongwa. Bi Marge alikuwa nje, kofia ya sufu mkononi, macho yamevimba.

"Sijalala, Eufemia. Sijui nianzie wapi."

"Anzia kwa kuingia, baridi inaingia nayo."

Akamwekea kahawa. Bi Marge hakuigusa.

"Nimekula mezani kwako kila Pasaka. Nimekuona ukikaa peke yako kwenye harusi za wenzako. Nimekaa kando yako! Na ni mimi niliye..."

"Wewe ulipeleka boga kwa jirani."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ukarimu?" Eufemia akasimama, akafungua jiko, akasukumia kuni ndani, akalifunga kwa kishindo. "Unajua kinachonitesa? Nilikuwa na hasira nzuri sana, Bi Marge. Hasira ile imenisomesha. Usiku wenzangu walipolala na waume zao mimi nilikuwa nalala na sheria za maji. Nimezifukuza kampuni tatu kwa hasira ile. Niliitunza kama watu wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Sasa mnaniambia haina mwenyewe. Nimpe nani?"

"Nipe mimi. Ni haki."

Eufemia alimtazama yule bibi kizee, amejikunyata kwenye kiti, miguu haifiki vizuri sakafuni.

"Wewe ni mdogo," alisema. "Haikutoshi."

Bi Marge alianza kulia, halafu katikati ya kilio akacheka, na Eufemia akacheka naye, kicheko kibaya cha kwanza, kama bomba lililokaa miaka bila maji, linakohoa kutu kabla halijatoa kitu. Walicheka mpaka wakafutana machozi kwa kitambaa cha vyombo.

"Yule mtu anasaini kesho," Bi Marge alisema alipopata pumzi.

"Najua."

"Utamwacha?"

"Nikamwambie nini? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Wewe ndiye msimamizi wa mfereji," Bi Marge alisema. "Miaka yote nimekuona unafanya nini kama si kuzoa maji yaliyomwagika?"

*

Mzee Eliseo ana umri wa kuwa babu wa mababu, na masikio yake yalimuaga zamani. Eufemia alimkuta jua la jioni limempata kibarazani, anaambua maganda ya mahindi.

"Baba! Shikamoo!"

"Hapana, nimeshakula."

"Nimekuja kukuuliza! Unakumbuka siku baba alipokutuma kwa kina Maestas?"

"Eh?"

"Kwa kina Maestas! Ulipewa maneno uyapeleke!"

Mikono ya mzee ikaacha mahindi.

"Ndiyo."

"Unayakumbuka?"

"Mwanangu, maneno yale sijayafikisha. Nilikwenda, mwenyewe hayupo, nikarudi nayo. Mtu anasahau mzigo alioutua. Alioubeba hasahau." Akamkazia macho. "Amerudi?"

"Amerudi! Kesho anaondoka!"

"Basi nani amekaa juu ya kofia yangu? Itafute."

*

Jumatatu asubuhi kulikuwa na umande wa barafu. Pikapu ya Eufemia ilisimama mbele ya nyumba ya kina Maestas, moshi wa kuni za msonobari bado unatoka kwenye dohani. Delfino alikuwa mlangoni tayari, koti limefungwa, funguo mkononi.

Mzee Eliseo alishuka kwa tabu, akakataa mkono wa Eufemia. Alikuwa amevaa suti nyeusi inayonuka dawa ya nondo. Alipanda ngazi moja, ya pili, akasimama pale pale ambapo boga lilikaa. Akavua kofia.

"Hii ni nyumba ya Maestas?"

"Ndiyo, Mzee Eliseo," Delfino alisema. "Mimi ni Delfino. Karibu ndani, kuna baridi."

"Sijasikia, na usinikatize. Mimi Eliseo nimetumwa na Abrán Archuleta na mkewe. Watu wa nyumba hii walikuja kwake kwa heshima, wakavua kofia, wakamwombea kijana wao binti yake. Nyumba imeshauriana. Binti ameulizwa. Jibu ni ndiyo." Akameza mate. "Samahani nimechelewa. Barabara ilikuwa mbaya."

Delfino alishika mwimo wa mlango. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Kisha akamkumbatia yule mzee, na suti nyeusi ikapotea ndani ya koti lake.

"Taratibu, mbavu!" mzee akalalamika. "Nilitumwa maneno tu, sikutumwa mwili."

Delfino akatazama juu ya bega la mzee, kwenye pikapu.

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

Eufemia alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kioo amekishusha kidogo tu.

"Mimi simo. Nimeleta mgonjwa."

"Femia."

"Si umeambiwa binti aliulizwa? Nilikujibu kwenye dansi. Mimi sirudii maneno."

"Ilikuwa zamani. Labda umebadili nia."

"Nimebadili nia ya mengi. Ya rais, ya padri, ya kukata nywele. Hiyo hapana." Sauti ikamgeuka, akaitafuta, akaipata. "Nilikuchukia kwa nguvu zangu zote, Delfino. Nilikuwa nakuombea mabaya kwa jina. Yale nimeyatua pale kwenye kalavati, usiyaulize. Lakini usidhani nitakubembeleza. Kama unakwenda mjini, nenda, nani amekushika?"

Delfino aliitoa simu mfukoni, akabonyeza, akaiweka sikioni huku macho yake hayatoki kwenye kile kioo.

"Hallo. Ndiyo, ni Maestas. Sitakuja." Akasikiliza. "Hapana, leo wala kesho. Hapana, bwana, si suala la bei." Akasikiliza tena, na tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo, upande wenye jino lililovunjwa na Onofre. "Sababu? Nimejibiwa."

Akaikata.

Eufemia alifungua mlango wa gari. Hapakuwa na haraka tena, kwa hiyo alitembea. Alipofika kwenye ngazi walitazamana, watu wazima wawili wenye mvi, na hakuna aliyejua aanze na mkono au na shavu.

"Zamu yako ya maji ni Alhamisi," Eufemia alisema.

"Sawa, Bi Msimamizi."

"Unaweza kuniita Femia."

"Wamesema nini?" Mzee Eliseo akauliza kwa sauti kubwa. "Amekubali au nirudi tena?"

*

Walifunga ndoa Oktoba, pilipili zikiwa zimeanikwa nyekundu kwenye kila ukuta. Bi Marge alipita kuuliza alete nini kwenye karamu, na jiko zima likapiga kelele, "Chochote isipokuwa boga!" Onofre ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

"Lete boga," Eufemia alisema, mikono ndani ya unga. "Lete mengi. Lakini kwanza njoo nikwambie kitu."

Asubuhi ya harusi, kabla jua halijatoka, mbwa wa Agua Zarca walibweka kutoka nyumba moja hadi nyingine, wakimfuata bibi mmoja mwenye toroli. Watu walipoamka kila mlango ulikuwa na boga, limepanguswa, limefungwa utepe mwekundu: kwa kina Trujillo, kwa padri, kwa Onofre, kwa Mzee Eliseo aliyeuliza kwa sauti ya kusikika bondeni nani anamkataa na umri huu. Na kule nyuma, ile sauti iliyozoea kumwita mtu Supu Baridi ililikuta lake pia, ikakosa la kusema.

Kwa kina Maestas, Delfino aliamka mapema kuliko wote. Alivaa viatu, akasimama nyuma ya mlango kwa muda, mkono kwenye komeo. Kisha akafungua.

Ngazi ilikuwa tupu. Umande tu juu ya jiwe.

Akakaa pale juu yake, suruali ya harusi na umande vyote pamoja, akacheka mpaka ng'ombe wakageuka kumtazama.